Imba kwanza, hesabu baadaye: nilivyojua progu na pop zinakutana wapi

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana mmoja, sitamtaja, kaniandikia hivi: "Dada habari, mimi napiga gitaa, naipenda sana roki ya progresivu ila na pop naipenda, sasa wenzangu kwenye bendi wananiambia nichague moja, je hivi vitu viwili vinaweza kukaa pamoja au najidanganya?" Nimeusoma mara tatu. Nikaiweka simu chini nikaenda kukaa kwenye kibodi yangu na sikupiga chochote, maana swali hilohilo lilinila miaka sita ya maisha yangu na hapakuwa na mtu wa kunijibu. Kwa hiyo ndugu yangu nakujibu hapa, na wengine wenye ndoto kama yako wasome, najua mko wengi, nyie mnaotunga usiku wa manane, mnaotaka muziki wenye akili na bado mnataka watu wauimbe.

Jibu ni ndiyo. Vinakaa pamoja, vimekaa pamoja toka mwanzo kabisa, na anayekwambia uchague hajaisikiliza vizuri historia ya muziki anaoutetea. Ila kuna namna ya kuvikutanisha na kuna namna ya kuviharibu vyote viwili kwa mpigo, na mimi nilianza kwa kuharibu.

Nilikuwa na miaka 22, bendi ya watu watano, na progu (ndivyo tulivyokuwa tunaiita wenyewe kwa kifupi roki ya progresivu, ile roki ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi na mapigo yanayobadilika) tulikuwa tunaipenda kupita kiasi. Nilikuwa nimeisikia Close to the Edge ya bendi ya Yes, ule wimbo wa mwaka 1972 unaojaza upande mzima wa sahani ya santuri, dakika 18 na ushee, nikasema na mimi lazima nitoe wa kwangu. Nikatunga wimbo wa dakika 19. Sehemu nne. Unaanza na mapigo matano kwa kila mzunguko badala ya manne ya kawaida, unaingia saba, unakwenda tisa, katikati pana solo yangu ya kibodi ya dakika nne nzima. Mazoezi yalichukua miezi minane, hiyo naruka, kila aliyewahi kuwa kwenye bendi anajua mazoezi yalivyo.

Siku ya shoo ndiyo nataka niisimulie. Ukumbi ulikuwa mdogo na watu walikuwa wamejaa vizuri tu. Mbele kabisa alisimama msichana mmoja, tulipoanza alikuwa anatikisa kichwa, anautafuta mdundo, akiupata tu sisi tunaubadilisha, anautafuta tena, anaupata, tunabadilisha. Mara ya nne akaacha. Akafungua mkoba, akatoa simu, mwanga wa simu ukammulika usoni, na mimi niko katikati ya solo yangu namtazama. Mpaka leo nikifumba macho uso ule nauona. Tulipomaliza ukumbi ulikuwa umebaki nusu, na waliobaki wengi walikuwa wapiga vyombo kama sisi, wamekunja mikono, wanahesabu.

Mwimbaji wetu kwenye dakika zile 19 alikuwa na dakika tatu tu za kuimba. Zilizobaki alisimama pembeni ameshika maiki kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenzake. Wiki iliyofuata akaondoka kwenye bendi, na siku anaondoka akaniambia, "Dada, wewe hutungi nyimbo, unatunga mitihani."

Lile neno liliniuma. Naandika hapa miaka imepita na bado linauma, sitadanganya.

Ikaja ya pili. Prodyuza mmoja, jina lake naliacha, akatuambia kile kipande cha mapigo saba kina melodi nzuri, tumpe atutengenezee singo. Tukampa. Hakutuuliza chochote, akakata kila kitu kikabaki dakika tatu na nusu, sawa, kukata sina ugomvi nako, lakini lile pigo la saba akaliongezea la nane ili liwe sawasawa na mashine yake ya dramu. Nilisikia ikiwa imeshatoka. Kila mstari wa wimbo sasa ulikuwa unafika mwisho halafu unangoja pale, patupu, unangoja pigo moja ambalo melodi haikulihitaji. Ni kama mtu anayemaliza sentensi halafu anabaki amekodoa macho. Kile hakikuwa pop wala progu, ilikuwa maiti ya vyote viwili, na jina langu limeandikwa juu yake.

Baada ya hapo nikakasirika nikasema basi, nitaandika pop kwa kanuni. Miaka miwili. Kodi (chords) nne zilezile, beti, kiitikio, beti, kiitikio, kila kitu mapigo manne, kila wimbo chini ya dakika tatu na nusu. Hakuna aliyesikiliza, na wala siwalaumu, mtu anasikia kama mtungaji mwenyewe haupendi wimbo wake. Hii nawaambia kwa sababu wengi mnadhani pop ni njia rahisi ya kushukia pale progu inapowashinda. Pop ni ngumu. Kumfanya mtu asiyekujua aimbe kitu chako siku ya pili yake bila kukusudia ni kazi ngumu kuliko solo yoyote niliyowahi kupiga.

Sasa katika hasira zile nikawa narudi kwenye rekodi za wakubwa, natafuta ushahidi wa kumshinda yule mwimbaji, nimwonyeshe kwamba muziki mgumu ndio muziki. Nikakuta ushahidi wa kunishinda mimi.

Chukua Money ya Pink Floyd, 1973. Ule mstari wa gitaa la besi una mapigo saba. Saba! Na kila mtu anaujua, watu wasiojua hata chombo kimoja wanaubwabwaja kwa mdomo, kwa sababu unaimbika. Halafu sikiliza wanachofanya: saksofoni inapiga solo humohumo kwenye saba, lakini gitaa la David Gilmour likianza solo bendi nzima inahamia mapigo manne, inamwachia barabara pana akimbie, kisha wanarudi kwenye saba. Nimesikiliza wimbo ule labda mara 500 kabla sijagundua hilo. Kumbe hata wao walijua wapi pa kumbana msikilizaji na wapi pa kumwachia apumue. Mimi kwenye dakika zangu 19 sikumwachia mtu apumue hata mara moja.

Au Solsbury Hill ya Peter Gabriel, 1977, aliitunga baada ya kuiacha bendi yake ya Genesis, na inahusu kuondoka huko. Saba tena. Gitaa jepesi, sauti ya kawaida, wimbo wa kutembea nao njiani, na mguu wako unakanyaga pigo la saba bila kujua. Wenzake aliowaacha Genesis nao mwaka 1980 wakatoa Turn It On Again, ile ina mapigo kumi na matatu kwenye mzunguko wake mkuu, na ilichezwa redioni kama wimbo mwingine wowote wa pop. Kumi na matatu jamani. Ukijaribu kuucheza ndipo utagundua kuna kitu, mguu unabaki hewani.

Hapa niwe mkweli maana watu wanachanganya. Mwaka 1986 Invisible Touch ya Genesis ilikuwa namba moja Marekani, na ikang'olewa na Sledgehammer ya huyohuyo Peter Gabriel, mwimbaji wao wa zamani. Mashabiki wengi wanatoa mfano huu kusema "unaona, progu iligeuka pop". Mimi sikubali. Invisible Touch ni pop iliyotengenezwa na watu waliotoka kwenye progu, ni wimbo mzuri, lakini humo ndani progu sisikii. Makutano siyo watu, siyo majina kwenye jalada. Kwenye albamu hiyohiyo kuna Domino, dakika zaidi ya kumi, hiyo ndiyo progu yao ya siku zote. Kwa hiyo pale vimekaa jirani tu, ukuta katikati. Turn It On Again ndiyo makutano yenyewe, kwa sababu ugumu na utamu viko kwenye pumzi moja, ukitoa kimoja kingine kinakufa.

Mwimbaji Kate Bush alifanya yote mawili kwenye Hounds of Love, 1985. Upande wa kwanza wa sahani nyimbo za chati, upande wa pili hadithi moja ndefu ya mtu aliyeachwa peke yake majini usiku kucha, vipande saba vilivyounganishwa. Na sikiliza ule upande wa "pop" vizuri, Running Up That Hill wala haiko kawaida, mdundo haubadiliki mwanzo mwisho na sauti zinarundikana juu yake mpaka unakosa hewa, na wimbo huo ukaja kuwa namba moja Uingereza mwaka 2022, miaka 37 baadaye, baada ya kutumika kwenye tamthilia. Waliousikiliza ni watoto ambao wazazi wao walikuwa hawajaoana wakati unatoka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni aina gani ya muziki.

Na ukirudi nyuma zaidi ndiyo utacheka, progu yenyewe ilizaliwa na pop. Good Vibrations ya Beach Boys, 1966, ilirekodiwa vipandevipande kwa miezi kadhaa kwenye studio tofauti, kanda zikakatwa zikaunganishwa, kila kipande kina hali yake, na vyote hivyo ndani ya dakika tatu na nusu hivi. Ikawa namba moja Marekani. Ile ni sehemu nyingi kuliko wimbo wangu wa dakika 19! Mwaka uliofuata Beatles wakatoa Sgt. Pepper na vijana Uingereza wakaona kumbe albamu inaweza kuwa kitu kizima, na 1969 bendi ya King Crimson wakatoa albamu yao ya kwanza, mlango wa progu ukafunguka. Lakini waliouchonga ule mlango walikuwa watu wa pop.

Hata suala la urefu, ambalo ndilo watu wanalipigania zaidi, halikushuka kutoka mbinguni. Santuri ndefu ilipotoka 1948 upande mmoja ulibeba kama dakika 20, na ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika iliyotoka 1949 ilibeba dakika chache tu. Basi wa pop wakatunga kulingana na sahani ndogo, wa progu wakatunga kulingana na upande wa sahani kubwa. Ni plastiki iliyoamua, halafu sisi miaka 70 baadaye tunatukanana kwa ajili ya plastiki. Na wala siyo kweli kwamba urefu unawafukuza watu, mwaka 1972 bendi ya Jethro Tull walifika namba moja Marekani na albamu yenye wimbo mmoja tu pande zote mbili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, na huu wengi hawautaji wanapoongelea progu, ni I'm Not in Love ya bendi ya 10cc, 1975. Ukisikiliza ni wimbo wa mapenzi wa taratibu kabisa. Ile sauti kama ya ukungu iliyo nyuma siyo kibodi. Ni wenyewe wanabendi watatu, waliimba noti moja kwa pamoja mara 16, zikawa sauti 48, kisha noti inayofuata hivyohivyo, mpaka wakamaliza noti zote, sauti zaidi ya 600, wakazigeuza kuwa mizunguko ya kanda, halafu wakawa wanapandisha na kushusha vidhibiti vya meza ya studio kama vile wanapiga kinanda. Kazi ya wendawazimu ile, kazi ya progu kabisa. Na mtu anayelia kwa sababu ameachwa haoni hata chembe ya kazi hiyo, anasikia moyo wake tu.

Nilipoelewa hilo nilikaa kimya siku nzima.

Lakini kuelewa siyo kuweza. Kilichonibadilisha ni adapta ya kibodi yangu kuungua. Sikuwa na uwezo wa kununua nyingine wakati ule, wiki tatu sina chombo, nina simu na mdomo wangu. Nikawa naimba kwenye kinasa cha simu, napiga paja kwa mkono. Siku moja ikatoka melodi, fupi, kama mtu anauliza kitu halafu anajijibu kabla hujamjibu, na nilipoihesabu baadaye nikakuta ni saba. Moja mbili tatu nne, moja mbili tatu. Sikuiweka saba mimi, maneno ndiyo yaliyokuwa na urefu huo, sentensi iliisha pale na mimi sikumwongezea mtu pigo la kungojea.

Nikawa naiimba nyumbani. Siku ya nne au ya tano namsikia mdogo wangu jikoni, anaosha vyombo, anaimba kitu chinichini. Huyu mdogo wangu hajui muziki wa aina yoyote, hajawahi kugusa chombo, na progu anaiita kelele za dada. Nikasogea mlangoni. Anaimba ile melodi yangu, sahani mkononi, na anaposugua, sponji inakwenda na mdundo: mizunguko minne, kidogo anageuza sahani, mizunguko mitatu, anasuuza. Saba. Bila kukosea, bila kuongeza la nane, mara tano mfululizo nilihesabu. Nilirudi chumbani nikafunga mlango nikalia, na siyo kwa huzuni.

Wimbo huo ndio tulioutoa mwaka jana. Dakika nne na sekunde kumi. Chini yake nimeweka kila kitu ninachokipenda, beti ya pili inahamia ufunguo mwingine, kuna kipande cha sekunde 40 ambapo dramu zinapiga manne wakati sisi tuko saba na tunakutana tena kila baada ya mapigo 28, mpiga dramu wetu alinichukia wiki mbili kwa ajili ya hicho. Mwezi uliopita tumeupiga kwenye shoo na watu wakaimba kiitikio, ukumbi mzima, na wakapiga makofi na makofi hayakupotea. Sisemi haya kwa kujitapa, au niseme ukweli, najivunia, nimeilipia furaha hiyo kwa miaka sita na nina haki nayo.

Basi kijana wangu, ushauri wangu ndio huo, imba kwanza. Kabla hujagusa gitaa imba. Kama melodi yako haisimami kwa mdomo na makofi basi hata uivalishe kodi za ajabu na solo za moto haitasimama, na kama inasimama basi unaweza kuipeleka saba, tano, kumi na moja, msikilizaji atakufuata kwa sababu umemshika mkono. Mwimbie mtu asiyejua muziki. Usimwimbie mpiga gitaa mwenzako, yeye atahesabu. Na akikosea mtu huyo akiimba, angalia anakosea wapi, mara nyingi pale anapokosea ndipo wewe uliweka ujanja badala ya wimbo. Pigo likiwa limetoka kwenye maneno liache, ukiona uliliongeza ili wenzako wakusifu litoe.

Na kuhusu wale wenzako wanaokutaka uchague. Usigombane nao, ila usiwatii. Wapo watakaokuita msaliti kwa sababu wimbo wako una kiitikio, mwanamuziki wa progu Steven Wilson mwenyewe alipotoa To the Bone mwaka 2017 akaweka humo wimbo wa furaha wa kucheza, baadhi ya mashabiki wake wa miaka mingi walimjia juu. Wapo na wa upande wa pili watakaokwambia ukate, ulainishe, uongeze la nane. Hao ndio wa kuwaogopa zaidi, kwa sababu wanakuja na pesa na wanaongea kwa upole. Bendi ya Rush waliambiwa wafupishe nyimbo, walikuwa kwenye hali mbaya, albamu iliyotangulia haikuuza, wao wakajibu kwa 2112 mwaka 1976, wimbo wa dakika 20 unaojaza upande mzima, na ndio uliowaokoa. Halafu walipotaka wenyewe kufupisha, 1980 wakatoa The Spirit of Radio, chini ya dakika tano, ina kila kitu chao na redio zikaipiga. Kufupisha siyo dhambi, kufupishwa bila kuulizwa ndiko kunakoua. Mtu yeyote akitaka kukata wimbo wako muulize kwanza auimbe. Akishindwa kuuimba hana ruhusa ya kuukata, narudia, hana ruhusa, hata awe na studio ya namna gani.

Yule mwimbaji wetu wa zamani, nilimtumia wimbo ulipotoka. Alichukua siku tisa kujibu. Akanitumia sauti yake kwenye simu, ameurekodi kiitikio akiwa anatembea, unasikia hatua zake, na hatua zake zilikuwa zinaanguka sawa na saba. Hakuandika neno. Sijui kama tumepatana, ila ile sauti nimeihifadhi.

Wewe sasa nitumie wimbo wako, gitaa usiweke. Nataka mdomo wako na makofi tu, dakika moja inatosha.